Jiwe la Nusu na Bega la Babu Kasanda

Vijana wangu, kabla hamjaniuliza nawajibu: sijawahi kupanda ndege hata siku moja. Nimezilea tu. Kwa miaka kumi na minne, enzi za Mwingereza, nilikata nyasi zilizopita chini ya magurudumu yake, nikafukia mashimo ya mhanga, nikafukuza ng'ombe wa watu waliodhani kiwanja cha ndege ni malisho ya bure, na nikamvuta rubani mmoja kutoka ndani ya ndege iliyosimama kwa pua. Mjukuu wangu anayesomea mambo ya ndege huko Dar es Salaam hucheka akinisikia nikisema "kazi yetu, mimi na yeye." Acheke. Yeye ana mashine ya kupimia kila kitu. Mimi nilikuwa na fyekeo, bendera mbili na bega la babu yangu.

Kiwanja chetu kilikuwa upande wa Ulyankulu, mwendo wa siku mbili na kitu kwa miguu hadi Tabora mjini. Kilikuwa ukanda wa nyasi tu, hatua mia saba za kwangu, kutoka kwenye kichuguu kikubwa upande wa mawio mpaka shamba la mtama la mke wangu Nyamizi upande wa machweo. Kiangazi lori lilifika bila taabu. Masika, mbuga zikijaa, lori lilizama hadi milangoni, na kuanzia hapo ndege ndiyo iliyokuwa barabara yetu. Barua, dawa, mgonjwa, vyote vilipita juu ya nyasi zangu. Ndiyo maana nikiongea habari zake najisifu kidogo, mnisamehe.

Watu hudhani ndege huharibikiwa kwa sababu iko juu. Ndege ndogo kwenye kiwanja kifupi huharibikiwa ikiwa bado chini, pale inapotaka kuondoka. Inahitaji mbio ili iinuke, na nyasi zinamvuta mkimbiaji miguu. Kwa hiyo kila alfajiri nilivua viatu nikatembea kiwanja kizima peku. Nyasi zikiishia kifundoni, ndege itaruka. Zikifika katikati ya muundi, rubani aombe Mungu wake. Zikifika gotini, alale, anipe fyekeo na siku mbili. Zikiwa na maji, hata hizo za kifundoni zihesabu kuwa za muundi. Nyayo zikizama nusu kidole, magurudumu yatazama kidole kizima. Na jua la saa saba linafanya hewa iwe legevu, ndege inapiga mabawa wee na hewa haiishiki. Ondokeni asubuhi. Hayo sikuyasoma popote, niliyapata kwa nyayo.

Rubani wetu tulimwita Bwana Mluzi kwa sababu kila akiizunguka ndege kuikagua alipiga mluzi, wimbo uleule usio na mwisho. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwekundu, mcheshi, na Kiswahili chake kilikuwa kama baiskeli isiyo na breki, lakini alikuwa akifika. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo moja kubwa. Alinipeleka katikati ya kiwanja, akaniambia niweke jiwe kubwa hapo, nilipake chokaa. "Maganga," akasema, "hili jiwe la nusu. Mimi nakimbia. Nikifika hapa magurudumu bado mazito, mimi najua sitaruka. Nakata moto, nasimama. Iko nafasi ya kusimama. Nikipita hapa, hakuna nafasi tena." Nililipaka chokaa jiwe lile kila Jumamosi, na nalipenda mpaka leo.

Sasa babu yangu. Babu Kasanda, baba yake mama, alikuwa mpagazi ujana wake. Alikwenda pwani na kurudi mara nne akiwa na mzigo begani, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu iliyoinuka kama kisigino. Nilimwombea kibarua cha kupakia mizigo kiwanjani, na nilijuta wiki ya kwanza, maana mzee alikuwa mbishi. Hakuamini mizani. Alisema mizani inapima mzigo uliolala, naye anapima mzigo unaokwenda. Ukimpa kitu, alikiweka begani, akatembea hatua kumi, hapunguzi wala hazidishi, kisha akakutajia uzito kwa frasila na nusu frasila. Alipima hivyo mahindi, mbuzi, hata watoto wachanga wa jirani, mama zao wakipiga kelele. Tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimesoma darasa la sita kwa wamisheni na nilikuwa nimekabidhiwa kalamu ya kujaza karatasi ya mizigo.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Fundi Sudi, mshonaji, mtu wa Tabora mjini, aliyehamia kwetu na cherehani yake na mkewe Bi Zuhura, akawa anashona barazani pa duka. Soksi ya upepo, ule mfuko unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi, aliishona yeye. Ya kwanza aliishona kwa ufundi wake wote, mishono midogo safi, akaufunga na mkia pia. Nani ashone mfuko auache wazi chini? Tukaitundika, ikajaa upepo, ikavimba kama mto wa kulalia na kukaa vilevile upepo ukivuma ama usipovuma. Bwana Mluzi alizunguka juu mara tatu asijue atue kutoka wapi. Alipotua alicheka mpaka akakaa chini. Fundi Sudi hakucheka, akachukua mkasi na kuukata mkia palepale, akaniambia, "Ungesema mapema kwamba ni suruali ya mguu mmoja, ningejua."

Basi sikilizeni kosa langu.

Ilikuwa mwezi wa sita, asali imevunwa. Wazee warina asali wa kwetu waliitwa wapeleke asali yao mjini kwenye maonyesho, na lori lililokuwa liwachukulie likavunjika ekseli njiani. Wakanijia. Bwana Mluzi akasema hakuna neno, atachukua madebe manane, yeye mwenyewe yuko peke yake ndani.

Ukutani kwenye kibanda chetu paliandikwa kwa rangi nyeusi: DEBE MOJA, RATILI 32. Karani fulani aliandika hivyo zamani, siku ambazo kilichopakiwa kilikuwa mafuta ya taa. Nikachukua kalamu. Nane mara thelathini na mbili, mia mbili hamsini na sita. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa wamisheni.

Babu alikuwa ameweka debe la kwanza begani. Alitembea hatua kumi, akasimama, akageuka.

"Wewe Yohana," akaniita. "Debe hili linanivuta."

"Ni debe, babu. Yote sawa."

"Hili linakaribia la mafuta mara mbili. Linanivuta mpaka kiunoni, nakwambia."

"Babu, imeandikwa ukutani!"

"Ukuta umewahi kubeba asali?"

Watu wakacheka, na mimi nikaona haya mbele ya rubani. Bwana Mluzi akapiga debe kofi, akasema, "Debe ni debe, mzee." Nami, mjinga na kalamu yangu, nikarudia: "Umesikia, babu? Debe ni debe." Mzee akapakia yote manane.

Nyasi siku hiyo zilikuwa za kifundoni. Niliziapia wakati ule na naziapia leo. Ndege ikaanza kukimbia. Kwa kawaida ikifika kwenye debe jeupe la tatu, katika yale madebe matupu niliyopanga pembeni kuwa alama, mkia unakuwa umeinuka. Haukuinuka. Ikalifikia jiwe la nusu, magurudumu bado yanaburuza. Nikasema moyoni, sasa atakata moto. Hakukata. Mkia ukainuka kivivu, ndege ikaruka kimo cha mtu, ikashuka, ikaruka tena kimo cha mbuzi, ikaingia kwenye mtama wa Nyamizi na kusimama kwa pua.

Tulikimbia. Asali ilikuwa imempasukia karibu yote. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali akitiririka kichwa hadi viatu, mfupa wa bega umevunjika, na kabla hatujafika pembeni nyuki wakawa wamesikia habari. Nisicheke, lakini nitacheka: Mwingereza mrefu, mkono mmoja unaning'inia, anatimua mbio katikati ya mtama, na Nyamizi nyuma yake akipiga kelele, "Mtama wangu! Bwana, pita pembeni, huo mtama wangu!" Tulimtumbukiza kwenye bwawa la ng'ombe.

Nilipokuwa nimemshika mle majini, akaniambia kitu ambacho nimekibeba maisha yangu yote. "Nililiona jiwe, Maganga. Niliona mzito. Lakini karatasi iliniambia niko mwepesi."

Karatasi yangu.

Ndugu zangu, nilikwenda nikachukua debe moja lililosalia zima. Nikaliweka begani. Nikatembea hatua kumi, na kila hatua ilikuwa ikinipiga kofi. Asali si mafuta ya taa. Debe la asali linakaribia ratili hamsini na saba. Kwa madebe manane nilimketishia rubani jirani asiyeonekana, mwenye ratili mia mbili, na nikaandika kwamba kiti ni kitupu.

Baada ya wiki mbili akaja mkaguzi kutoka Dar es Salaam, Mwingereza mfupi, mkavu, na mkalimani wake. Akapima nyasi kwa rula. Akapima urefu wa kiwanja. Akatazama karatasi yangu, akaona mizigo ni midogo, akakata kauli: nyasi ndefu, kiwanja kifupi, kifungwe.

Hapo ndipo moyo uliponigawanyika. Nyasi zikilaumiwa, kiwanja kinafungwa, na masika yakija mgonjwa wa kwetu hana njia. Hesabu ikilaumiwa, kiwanja kinabaki, nafukuzwa mimi. Nilikuwa na mke, mtoto wa kwanza, Lukasi, ana miezi minne. Nikamtazama babu. Hakunitazama. Alikuwa anakuna sugu yake tu.

Nikapiga moyo konde. Nikasema, "Bwana, nyasi hazina kosa. Kosa ni la mwandiko huu, na mwandiko ni wangu."

Mkalimani alinitazama kama mtu anayejirusha kisimani. Mkaguzi hakuelewa, akasema debe ni debe. Kila mtu alikuwa akiupenda msemo huo! Basi babu akainuka, akaingia kibandani, akatoka na mzega wake, ule mti wa wapagazi wa kubebea mizigo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akafunga debe la mafuta ya taa mwisho huu, debe la asali mwisho ule, akaupitisha mti begani katikati sawasawa, akasimama. Mti ukapinduka palepale, debe la asali likagonga chini, la mafuta likapaa hewani karibu limpige mkaguzi kidevu.

Babu akamwambia mkalimani, "Mwambie ajaribu yeye."

Na mkaguzi, nampa heshima yake, akavua kofia, akainama, akajaribu. Mti ukampindukia vilevile. Akauweka chini polepole, akaitazama sentensi ya ukutani. Kisha akasema kupitia kwa mkalimani wake, "Kiwanja kitabaki wazi hadi mwisho wa masika. Wewe pia utabaki hadi mwisho wa masika. Ndege nyingine ikiharibika hapa inapoondoka, kimefungwa, nawe nenda kalime."

Usiku ule sikulala kwa furaha na hofu. Kulipokucha nilikwenda kwa babu, nikapiga goti, nikamwamkia kwa lugha yetu. "Mwangaluka, babu. Nifundishe bega." Hakunisimanga, na hilo liliniuma zaidi. Akanipa gunia la mchanga.

Alinifundisha miezi sita. Mzigo usiupokee kwa mkono, mkono unajipendelea. Uupokee begani, utulie, uvute pumzi, utembee. Hatua tatu za kwanza mzigo unadanganya, ya nne unaanza kusema kweli, ya kumi umemaliza. Na yeye, ambaye sasa magoti yalikuwa yamemchoka, alijifunza kupima kwa kuangalia magoti yangu. Tulitofautiana mara chache sana, yeye kwa macho, mimi kwa bega. Nikaweka pia utaratibu mpya: ndege ikiondoka mimi nasimama kwenye jiwe la nusu na bendera mbili. Nyeupe, endelea. Nyekundu, kata moto bila kuuliza. Bwana Mluzi, alipopona na kuletewa ndege nyingine, alipeana nami mkono juu ya hilo, mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia bado ulimuuma.

Masika yakaingia. Mwezi wa tatu Bi Zuhura alikuwa na mimba iliyotimia. Zilizotangulia zilikuwa mbili, na watoto wote wawili walizikwa. Fundi Sudi mwaka ule hakuimba kwenye cherehani yake.

Ndege ya barua ilikuja jioni, mvua ikainasa, Bwana Mluzi akalala kwenye nyumba ya wageni. Alfajiri nipo peku kiwanjani, maji yananifika kifundoni, namwona Fundi anakuja mbio bila kofia, mtu ambaye sijawahi kumwona kichwa wazi.

"Maganga, Zuhura! Tangu jana adhuhuri. Mtoto amekaa vibaya, mkunga anasema hapa hawezi. Anasema hospitali ya Tabora, leo, kabla jua halijakaa vichwani."

Nikatazama nyasi zangu. Kwa nyasi zile, siku nyingine ningesema alale. Na kama ndege ingeharibika, pangekufa watu na kiwanja pamoja. Bwana Mluzi alifika, hakupiga mluzi. Akaniuliza, "Maganga, tunaweza?" Mwaka mmoja nyuma asingeniuliza.

"Nipe saa mbili," nikamwambia.

Nyie vijana, sijaona kazi kama ile. Nilipiga debe, watu wakatoka. Wenye mafyekeo mbele, mstari mmoja. Nyuma yao watu wameshika kamba ndefu na magunia yaliyofungwa humo, wanaiburuta juu ya nyasi kukung'uta maji, wanakwenda wanarudi. Nyuma yao kina mama na wazee wanakanyaga ardhi iliyolegea, bega kwa bega, na babu mbele yao akiwaimbisha nyimbo za safari zake za pwani, ambazo sikujua kama bado anazikumbuka. Nilipofika mwisho wa kiwanja nikasikia panga linakata. Nyamizi alikuwa ndani ya shamba lake, mtama umeanza kutoa masuke, anaufyeka.

"Mama Lukasi, unafanya nini?"

"Nakuongezea hatua," akasema bila kusimama. "Wanipisha au unasimama hapo unanitolea macho? Zuhura alikaa nami nilipojifungua huyu Lukasi."

Hatua hamsini nzima alinipa, yeye na dada zake. Mtama wa mwaka mzima.

Kisha tukapima. Mfuko wa barua, chini. Sanduku la vyuma, chini. Kiti cha nyuma, tukakifungua. Bwana Mluzi akavua na mabuti yake, sikumwambia. Mafuta tuliyapunguza, akabakiza ya kumfikisha Tabora na kidogo cha akiba. Nikambeba Bi Zuhura mgongoni kwa adabu zote, nikatembea hatua kumi, babu akitazama magoti yangu. Nikambeba Mama Kalunde, mkunga, mwanamke mwembamba aliyenifokea njia nzima. Nikambeba Fundi Sudi. Babu akatikisa kichwa.

"Fundi anabaki."

Fundi akanishika mikono yote miwili. "Maganga, ndugu yangu. Wawili nimewazika peke yangu, yeye amelala. Huyu usiniache nyuma. Nakuomba."

Nisikilizeni vizuri. Nilijua babu ana haki. Bega langu pia lilijua. Lakini nilimtazama rafiki yangu machoni, nikasema, "Panda, tujaribu." Huruma nayo ina uzito, na siku ile niliipakia ndani ya ndege.

Wanaume wanne wakashika mkia, pangaboi likazunguka kwa nguvu zote mpaka nyasi zikalala, Bwana Mluzi akapunga mkono, wakaachia. Nami niko kwenye jiwe la nusu. Naiona inakuja. Debe la kwanza. La pili. La tatu, mkia umeinuka, naam! Lakini magurudumu bado yanachora ardhi, nayaona, mazito, na tope linaruka. Mkono wangu wa kulia una nyeupe, wa kushoto nyekundu. Mle ndani yupo Zuhura. Nikisimamisha, muda unapotea. Nikiachia, labda inaruka. Labda.

Nikainua nyekundu.

Akakata moto palepale. Ndege ikapita mbele yangu ikiserereka, ikasimama mbali kwenye visiki vya mtama wa Nyamizi, salama. Mlango ukafunguka kabla sijafika, na Fundi Sudi akashuka mwenyewe. Aliushika mkono wa mkewe kupitia mlangoni, akauachia, akarudi nami kusimama kwenye jiwe.

Tukairudisha ndege nyuma kwa kuisukuma, mpaka mkia ukagusa kichuguu. Kaupepo kakaanza kuja kutoka machweo, soksi ya Fundi ikanyooka kuelekea kwetu, upepo wa usoni, ule unaotakiwa. Wakashika mkia. Wakaachia.

Debe la kwanza. La pili, mkia juu. La tatu, na hapo nikasikia kwa masikio kabla ya macho: sauti ya magurudumu kwenye nyasi ilikuwa inapungua, inakuwa nyepesi, kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Nikainua nyeupe kwa nguvu hata nusura niirushe. Ikanipita magurudumu yakiwa yamekwisha kuiacha ardhi, kimo cha goti, kimo cha kifua, kimo cha paa, ikavuka visiki vya mtama, ikavuka miombo iliyo ng'ambo, ikakata kona kuelekea Tabora, na watu wote wa kiwanja kile walipiga kelele ambayo sijaisikia tena, hata siku ya Uhuru. Nyamizi alirusha panga hewani. Fundi Sudi alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi zangu anamshukuru Mungu, na mimi nalia bila haya yoyote nimelikalia jiwe la nusu.

Bwana Mluzi alirudi baada ya siku kumi. Tulimsikia akipiga mluzi kabla pangaboi halijasimama vizuri. Akamshusha Mama Kalunde, akamshusha Bi Zuhura, na Bi Zuhura amebeba mtoto wa kike aliyekuwa analia kwa hasira ya kuamshwa. Babu hakuomba ruhusa. Alimpokea, akamlaza kwenye lile bega, akatembea hatua kumi, akamrudisha kwa baba yake. "Mzito," akasema. "Huyu anabaki duniani." Jioni ile cherehani ilisikika ikiimba tena, na mshonaji wake pia.

Na kulikuwa na barua, kutoka kwa yule mkaguzi, naye alikuwa amezipata habari za siku ile. Nikawasomea watu wote. Kiwanja kitabaki wazi. Maandishi ya ukutani yafutwe. Na kuanzia siku hiyo hakuna ndege itakayoondoka pale kabla mzigo wake haujapimwa na kukubaliwa na Yohana Maganga na Kasanda.

"Rudia hapo mwisho," babu akasema.

Nikarudia.

"Jina langu limeandikwa? Na Mzungu?"

"Limeandikwa, babu. Kwa mashine."

Akanyoosha mkono, nikampa. Hakujua kusoma hata herufi moja. Aliikunja barua, akaiweka juu ya sugu, bega la kulia, akaishika kwa mkono kama anavyoshika mzigo, akaanza kutembea. Tulihesabu wote kwa sauti, tukicheka: saba, nane, tisa, kumi. Hakusimama kwenye kumi. Akaendelea, mgongo umenyooka, akalipita debe la tatu, akalipita jiwe la nusu, na tukaacha kucheka, tukaacha na kuhesabu, tukasimama tukimtazama mpaka alipokimaliza kiwanja chote.